Nyenje, Salma na Meza ya Dirishani

Nasikia Jumamosi mnakwenda kwa Salma. Nimeambiwa na binti mwenzenu aliyepanga chumba changu cha uani, naye alinieleza huku anapiga pasi gauni, akidhani ni habari ya kawaida tu. Mtabeba mkungu wa ndizi na sukari, mtakaa barazani kwake pale Kayanga, na yeye atawafundisha kuwatenga nyenje kwa kutazama viungo vyao. Maana hadubini mnazo, simu zenye kamera mnazo, lakini mkimwagiwa nyenje mezani mnaanza kutazamana. Mmefanya vizuri, Salma anajua kazi. Mimi pia naijua, na mkienda kwake mnapita mbele ya nyumba yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia, mpate kusoma kabla ya Jumamosi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiangalia sahani ya mwenzangu. Kwa hiyo mtakaposoma mambo ya Salma humu, mjue nani anayaandika.

Chumba cha wadudu mnachofanyia kazi leo pale kituo cha utafiti, zamani hakikuwa na marumaru wala feni. Kilikuwa kidogo, kimejaa makabati ya masanduku, kinanuka dawa ya nondo, na ndani yake mlikuwa na meza mbili. Ya dirishani ilikuwa na hadubini na mwanga mzuri wa asubuhi, na hapo alikaa Mzee Laurian, mkuu wa chumba, mtu mpole wa Nyabiyonza aliyetafuna kahawa kavu tangu asubuhi hadi anafunga mlango. Ya mlangoni ilikuwa yetu sisi wawili tulioajiriwa pamoja, mimi na Salma. Hapo ni upepo, vumbi, na kila anayepita anauliza ofisi ya mhasibu iko wapi. Mzee Laurian alituambia mapema kwamba anakaribia kustaafu, na mmoja wetu ndiye atakayehamia dirishani. Anayekaa dirishani ndiye anayesema neno la mwisho: huyu ni nyenje wa kundi gani, anaingia sanduku lipi. Anayebaki mlangoni anachoma pini na kubandika lebo. Niliitaka meza ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na wakati ule nilitaka kuolewa sana.

Kosa langu la kwanza lilinitoka mikononi kabla halijapita kichwani. Kwetu ni Bugomora. Mnaotoka huko mnajua msimu wa senene ukifika nyumba inakuwaje: wanawake wote chini, ungo katikati, umbea unakwenda na vidole vinakwenda. Unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unatoa zile papasi ndefu za kichwani, unatupa mwili upande wa pili, tayari kwa kukaangwa na chumvi. Hutazami. Tangu nina umri wa kuketi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo, na shangazi yangu alinisifu kwamba nina mkono mwepesi kuliko binti zake wote. Salma hakujua habari hizo. Yeye ni wa Kayanga mjini, baba yake alikuwa na duka la vitenge, na mama yake, ambaye wazazi wake walitoka Tanga, alikuwa amesema mdudu asivuke mlango wa jiko lake hata kama mji mzima unanukia senene.

Basi siku moja Mzee Laurian akanipa chupa ya nyenje waliokusanywa kwenye migomba ya Bweranyange, wamelala ndani ya spiriti. Akaniambia niwamwage kwenye sinia, niwakaushe, kisha niwatenge kwa makundi. Mama Editha, aliyekuwa akitufanyia usafi na kutuchemshia chai, akaja kuketi nami, akaanza kunisimulia harusi ya mwanawe: jinsi upande wa bwana harusi walivyochelewa, jinsi chakula kilivyopoa, nani alinuna na nani alikula mara mbili. Mama Editha alijua kusimulia. Alipofika kwenye keki, Mzee Laurian akaingia, akasimama, akatazama sinia.

"Paskazia," akasema, "chumvi iko wapi?"

Sikuelewa mpaka nilipoangalia chini. Nyenje wote walikuwa uchi. Rundo la mabawa huku, rundo la miguu kule, papasi pembeni, na miili imepangwa vizuri tayari kwa kikaango. Mama Editha akajishika kiuno. Salma alicheka mpaka akatoka nje, na nilimsikia akiendelea kucheka kule nje kwenye bomba. Mzee Laurian hakucheka sana, akavuta kiti akakaa.

"Ulichobakiza ni chakula," aliniambia. "Ulichotupa ndiyo kazi yetu."

Akanifundisha papo hapo, kwa kutumia takataka zangu mwenyewe. Haya niliyajua kabla ya Salma, muulizeni. Anzeni na mabawa ya dume, kwa sababu dume ndiye mwimbaji, na huimba kwa kusugua bawa kwa bawa. Nyenje kwa kawaida huweka bawa la kulia juu ya la kushoto. Senene, ambaye ni ndugu yake wa mbali, huweka la kushoto juu. Nilikuwa nimeng'oa mabawa ya senene maisha yangu yote na sikuwahi kutazama lipi liko juu. Kisha nendeni kwenye wayo: wa nyenje una vipingili vitatu, wa senene vinne. Kisha jike: mrija wa kutagia wa nyenje ni mwembamba kama sindano ya kushonea, wa senene ni bapa, umekaa kama upanga. Chenene ni nyenje vilevile, lakini miguu yake ya mbele imekuwa sepetu za kuchimbia, na huyo hata kipofu hawezi kumkosea akimpapasa.

Ugumu uko kwa wale waliobaki, wote wakiwa wa kahawia na wote wakiwa wadogo. Hapo tazameni sikio. Nyenje husikia kwa miguu ya mbele: chini kidogo ya goti, kwenye muundi, pana kidirisha chenye utando unaong'aa. Wengine wana kidirisha nje na ndani, wengine upande mmoja tu, wengine hawana kabisa. Yule mwembamba wa rangi ya majani makavu anayeishi vichakani, mdomo wake umeelekea mbele badala ya chini. Yule asiye na mabawa ya maana, ukimshika anakuachia unga kidoleni kama kipepeo, na unga huo ni magamba yake, msimsugue, mtamfuta. Mzee Laurian aliyasema haya yote huku akiokota miguu kwenye rundo langu, mmoja baada ya mwingine, akiuliza, "Na huyu alikuwa nani?" Mguu ukiwa peke yake haujibu vizuri. Nililia kidogo, sitaficha.

Baada ya hapo nilishika kibano kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kalamu. Salma alikishika kwa vidole viwili huku anaimba. Nilimwonea wivu vidole vyake, kwa sababu havikuwahi kufundishwa kitu kingine.

Kilichoamua meza ni Nyabiyonza. Akina mama wa huko walikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, na kila kukicha walikuta miche imekatwa shingo, imelala. Mwenyekiti wao, Mama Adventina, alitupokea akiwa na galoni la sumu miguuni pake.

"Dawa tumeshanunua, waitu, ndugu zetu," alisema. "Tumewaita mtuambie tu tumwage wapi."

Mzee Laurian akatugeukia sisi wawili. Alitaka kuona nani atasema nini. Mimi niliona udongo umetifuliwa kando ya tuta, nikasema, "Chenene." Nilisema nikiwa nimesimama wima, na nilisema haraka kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza.

Salma alikuwa amechuchumaa. Aliomba birika la maji, akatafuta shimo lenye udongo mbichi mdomoni, akamimina taratibu. Tukasubiri. Akatoka nyenje mnene, wa kahawia, kichwa kikubwa, ana hasira. Salma akamdaka kwa pindo la kanga, akamgeuza, akamwita Mama Adventina ainame naye.

"Mama, tazama miguu ya mbele. Chenene angekuwa na sepetu. Huyu miguu yake ni ya kawaida, na sikio lake hili hapa. Huyu ana shimo lake. Jua likizama anatoka, anakata mche, anauburuta ndani akale kwa raha. Ukimwaga dawa juu ya tuta, yeye yuko chini amelala. Utaua minyoo yako tu."

"Sasa tufanyeje?"

"Kila shimo lenye udongo mbichi, maji na jembe. Asubuhi, kabla udongo haujakauka mkashindwa kuyajua mashimo."

Mama Adventina akaangalia galoni. "Na hii?"

"Rudisheni dukani. Mkikataliwa, mwambieni mwenye duka aje aniulize mimi. Ni mjomba wangu."

Wakacheka wote, na miche ikapona, na mpaka leo ukitaja jina la Salma kule unaletewa kiti. Mimi nikitajwa wanasema, "Yule aliyesema chenene." Mzee Laurian hakunilaumu hata kwa neno moja wakati wa kurudi, alinipa kahawa nitafune. Alipostaafu, Salma na flaski yake ya chai wakahamia dirishani.

Nilimwonea wivu kila kitu. Mwanga wake, hadubini yake, namna wageni walivyomsalimia yeye kwanza. Nilimwonea wivu chai yake yenye iliki, ingawa alinimiminia kila siku. Nilimwonea wivu hata alivyokuwa akiongea na nyenje: "Haya bwana, nipe mguu, usinisumbue." Na alikuwa hakosei. Hilo ndilo lililoniumiza. Mtu akikupita na huku anakosea, unapata pa kushika.

Nikaamua kulitafuta kosa lake. Kila adhuhuri alipokwenda kuswali msikitini, nilifunga mlango, nikatoa masanduku yake, nikayapitia kwa kioo cha mkono, kile cha kukuzia. Mwanzoni sikuweza kuona kosa hata kama lingekuwepo, kwa sababu sikujua ya kutosha. Ikabidi nijifunze. Nikajifunza mishipa ya bawa la dume, ule uwanja wenye mistari iliyopinda na kile kioo kidogo kisicho na mistari. Nikajifunza miiba ya mguu wa nyuma, ipi inasimama imara na ipi inachezacheza. Nikajifunza kutazama kichwa kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, kwa sababu nyenje wawili wanaofanana kutoka juu hukataana kabisa wakitazamwa ubavuni. Mume wangu, maana hatimaye niliolewa, aliniuliza kama ninakwenda kazini au kwenye upelelezi. Nikamwambia ni kazi ileile. Nawaambia ukweli, vijana: sikusoma nyenje kwa kuwapenda. Niliwasoma kwa kumtafuta Salma, na nikawajua.

Kazi ikabadilika mbele ya macho yetu. Zamani tulichora kwa penseli, kiungo kwa kiungo, na mkono uliochora mguu haukuusahau tena. Zikaja kamera, zikaja kompyuta. Siku hizi mnakata kipande cha mguu, mnakituma mbali kipimwe vinasaba, jibu linarudi kwenye simu mkiwa mnakula. Mimi niling'oa miguu nikaulizwa chumvi iko wapi. Ninyi mnang'oa mguu mnaitwa wataalamu. Msidhani hilo linanipita hivi hivi.

Kisha nikalipata kosa la Salma.

Lilikuwa kwenye sanduku la nyenje wa majani mafupi ya kando ya bonde, kule Bweranyange tena. Salma alikuwa amepanga safu nzima chini ya kundi la wenye mabawa mafupi, wale ambao hata wakikomaa mabawa yao hubaki vipande tu mgongoni. Lebo safi, pini zimenyooka, kila kitu kimekaa. Nikapitisha kioo kwa mazoea tu, na pale kwenye mabawa nikarudi nyuma. Nyenje mzima mwenye mabawa mafupi, bawa la mbele ndilo linalokaa juu. Hawa vibawa vyao vya nyuma vilikuwa vimepanda juu ya vile vya mbele. Hivyo hukaa kwa mtoto tu, kwa tunutu aliyebakiza kujivua gamba ndipo awe na mabawa kamili. Hawakuwa wa kundi hilo hata kidogo. Walikuwa watoto wa kundi jingine, wamewekwa kwenye kiti cha wazee.

Nilikaa chini. Nilitazama tena, safu yote, nikijiambia nisiwe nimeona ninachotaka kuona. Vilikuwa juu, kila mmoja. Nilirudisha sanduku, nikafungua mlango, na Salma aliporudi aliniuliza kwa nini ninatabasamu. Nikasema ni chai.

Sikumwambia siku ile. Nilisubiri wageni, maana tulikuwa tumetangaziwa kuwa wakubwa wanakuja pamoja na mkuu mpya wa kituo. Walipokuja wakajaa chumbani, Salma akawafungulia masanduku moja baada ya jingine, na alipofika kwenye lile nikasogea.

"Samahani, dada," nikasema, kwa sauti ya kila mtu asikie. "Hawa wa safu hii ni wakubwa?"

"Wakubwa, ndiyo. Mabawa mafupi."

"Hebu tazama bawa la nyuma limekaa wapi."

Akamchukua mmoja, akamweka chini ya hadubini, akainama. Nilikuwa nimeingoja dakika ile tangu Nyabiyonza, nikashika kabati nimtazame uso. Salma akazungusha kirekebishi cha lenzi, akatazama, akainua kichwa.

"Wallahi, ni tunutu," akasema. "Nimewazeesha watoto wa watu."

Akacheka. Sikio langu lilisubiri kicheko cha aibu, lakini kilikuwa kicheko kilekile cha bombani, cha siku ya chumvi. Wageni wakacheka naye.

"Umeona vizuri, dada Paskazia. Nimekosea." Akaanza kuwahamisha, pini kwa pini, bila haraka, huku akiwaonyesha wageni kosa lilipo, akiwaeleza jinsi lilivyo rahisi kufanyika, akinitaja mimi kila mara. Alipomaliza akamgeukia mkuu wa kituo. "Na afadhali mmelisikia wenyewe. Macho yangu yameanza kuchoka, na huyu anaona kuliko mimi. Kama huna neno, mkuu, tubadilishane meza."

Mkuu hakuwa na neno. Salma akachukua flaski yake, mtandio wake na mto wa kiti, akaenda mlangoni. Mimi nikaketi dirishani, kiti kikiwa bado na joto lake.

Mwanga ulikuwa mzuri kama nilivyofikiri siku zote. Hadubini ilikuwa laini. Kila kilicholetwa kililetwa kwangu, na neno langu lilikuwa la mwisho. Na tangu wiki ile niliacha kutoka kwenda kula mchana. Nilifunga sanduku nikalifungua tena. Niliandika kundi nikalifuta, nikaliandika. Nilijua mtu anaweza kufanya nini na kioo cha mkono chumba kikiwa kitupu, kwa hiyo nilikaa palepale nikiyalinda masanduku, mkate mkononi.

Pale mlangoni watu walipita wakiuliza ofisi ya mhasibu, Salma akawaelekeza, wakarudi kumshukuru, wengine na parachichi, wengine na habari za mgonjwa. Lebo akiibandika kichwa chini, alisema, "Ah, nimekosea," akaibandua, akaendelea na wimbo wake pale alipouachia. Mama Editha akimwambia ameweka sukari mara mbili, "Nimekosea, mama, nipe hiyo nyingine." Neno hilo alilisema kama mtu anavyoomba apishwe njiani. Nilikuwa na meza ya dirishani, vijana, na nilikaa hapo mpaka nastaafu nikiitazama meza ya mlangoni kwa wivu.

Kwa hiyo nendeni Jumamosi. Masikio, mabawa na nyayo hata mimi ningewafundisha, na mkirudi mpitie kwangu, kahawa ipo. Lakini mkiwa kwake, tafuteni kosa. Macho yamemchoka kweli sasa, mtalipata. Mwambieni mbele ya wote, kisha mnyamaze mmsikilize anavyojibu. Mimi neno hilo, "nimekosea," nimelijaribu hapa nyumbani, peke yangu, nimefunga mlango. Halitoki kama lake.